Zohali Katika Chumba cha Ndoa

Mwaka 1964, mtu yeyote mjini Migori aliyetaka kufanya jambo la maana alipitia kwanza kwa Nchagwa Wangwe. Nchagwa alikuwa fundi cherehani, Mkuria wa kutoka pande za Kehancha, mfupi, mwenye kitambi kidogo na masharubu aliyoyatunza kuliko alivyowahi kutunza kitu kingine duniani. Alishonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na juu ya kichwa chake, kwenye boriti, alining'iniza rimu ya lori.

Suruali na magauni yalikuwa kazi ya mikono tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kuwatafutia watu saa. Ukitaka kusafiri, kufungua duka, kupeleka posa, kuanza kesi ya shamba au hata kuatamisha kuku, ulikaa kwenye benchi lake ukasema shida yako. Nchagwa alivaa miwani, akafungua daftari lake la jalada jeusi, akachora gurudumu lenye vyumba kumi na viwili, akazipanga sayari ndani ya vyumba vile moja baada ya nyingine, akakuna masharubu, kisha akakutajia saa yako. Saa hiyo ikifika alichukua nyundo akaigonga ile rimu mara tatu. Mlio wa kwanza, vaa. Wa pili, beba mzigo. Wa tatu, ondoka, wala usigeuke nyuma hata kama umesahau kofia. Madereva wa malori ya pamba waliwasha injini kwa mlio wa tatu. Kuna bibi arusi mmoja alitoka nyumbani na kiatu kimoja kwa sababu mlio ulimkuta anatafuta cha pili.

Msidhani alikuwa tapeli. Tapeli angekuwa na nyumba ya mabati na mke wa kuifagia. Nchagwa hakuwa na kimoja wala kingine, na alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Elimu hii aliipata jeshini. Wakati wa vita kuu vya pili wenzake walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Yeye alipelekwa Bonde la Ufa kuwalinda Wataliano waliotekwa Uhabeshi. Kazi ilikuwa nyepesi mno. Mateka wale hawakuwa na haja ya kutoroka, maana walikula vizuri kuliko walinzi. Mmoja wao, mwalimu wa shule aitwaye Ettore, mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi kisichokwisha, alipewa kazi ya kufyeka majani nje ya ua, na Nchagwa akapewa kazi ya kumwangalia akifyeka. Kwa miaka miwili majani yale yalistawi ajabu. Wawili hao walikaa kivulini wakizungumza kwa Kiswahili cha kubomoabomoa, na Ettore alikuwa na habari moja tu ya kuzungumza, habari ya Mastro Baldo.

Huyo Baldo alikuwa mnajimu wa mji wao wa Castelmoro, zamani sana, yapata miaka mia saba iliyopita, enzi ambazo wakubwa wa Italia walivaa mashati ya chuma na kupigana kila mwaka kwa ajili ya daraja au kisima. Mtawala wa mji ule, bwana mwenye hasira nyingi na tumbo kubwa, hakuthubutu kukata kucha kabla Baldo hajaitazama mbingu. Vita ikija, jeshi zima lilikaa chini uwanjani likisubiri. Baldo alipanda mnara, ngazi mia mbili na kumi, amebeba chombo chake cha shaba cha kupimia nyota, akiitukana kila ngazi kwa sababu alikuwa na goti bovu. Akifika juu alipiga kengele. Mlio wa kwanza, wavae chuma. Wa pili, wapande farasi. Wa tatu, lango lifunguliwe. Walishinda mara nyingi hivyo hata adui nao wakaajiri mnajimu wao, na mwaka mmoja majeshi yote mawili yalishinda kutwa nzima yakitazamana, kila moja likingoja saa yake njema, mpaka giza likaingia kila mtu akaenda zake kula.

Mapadri hawakumpenda Baldo hata kidogo. Walimhubiria kwamba mwenye saa ni Mungu peke yake. Baldo aliwajibu kwamba habishani nao, yeye anasoma tu mwandiko wa Mungu. Na siku jumba la mtawala liliposhika moto, mtawala alikataa katakata kutoka mpaka saa njema ifike. Alitoka akiwa hana nyusi, lakini mzima, na siku hiyohiyo akamwongezea Baldo mshahara.

Nchagwa akiisikia hadithi ya nyusi alikuwa akicheka mpaka bunduki inamwanguka. Alitaka afundishwe, naye Ettore, ambaye hakuwa amefundisha mtoto yeyote tangu vita vianze, alimfundisha kwa furaha. Mpishi wa kambi, Mswahili wa Lamu, akawapa majina ya sayari kwa lugha inayotamkika: Zuhura, Mirihi, Mushtari, Zohali. Ettore akanakili majedwali ya mwendo wa sayari mpaka mwaka 1970 katika daftari la jalada jeusi. Halafu mateka wakarudishwa kwao ghafla, kabla hajasimulia maisha ya Baldo yaliishaje, na jambo hilo lilimuuma Nchagwa kuliko kuachishwa jeshi.

Lakini kabla ya kuondoka Ettore alimchorea rafiki yake gurudumu lake mwenyewe, la kuzaliwa. Alihitaji tarehe. Nchagwa alitoa karatasi yake ya jeshi: tarehe mosi Januari, 1922, imepigwa taipu na kugongwa muhuri wa Serikali. Ettore alichora, kisha akaweka kalamu chini. Zohali, mzee baridi, mchelewesha mambo, alikuwa ameketi katika chumba cha saba, chumba cha ndoa, amekunja miguu kama mgeni asiyejua kuaga.

"Rafiki," alisema Ettore, "na hii gurudumu, usioe. Mwanamke atalia. Nyumba itaanguka."

Sasa hapa ndipo penye ujinga wote wa habari hii, na nitausema wazi ili mtu asije akadai hakuonywa. Wateja wake Nchagwa hakuwauliza hata siku moja walizaliwa lini. Alijua hawajui. Huku mtu amezaliwa mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa, au siku ile ng'ombe wa fulani walipochukuliwa. Kwa hiyo aliwachorea gurudumu la saa waliyomjia na swali, na huo nao ni ufundi wa Baldo. Kwa nafsi yake tu ndipo alipoamini tarehe, kwa sababu ilikuwa imepigwa taipu.

Basi hakuoa. Ng'ombe wa mahari aliotengewa na baba yake walizaa, watoto wao wakazaa, na wajukuu wao wakakamuliwa, yeye bado anashona kibarazani.

Na hapo ndipo Zilpah alipoingia. Zilpah alikuwa Mjaluo wa Ndhiwa, mjane wa miaka thelathini na minne, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alikataa kurithiwa, akarudi kwa kaka yake Otieno, na maneno yaliyozuka yalikuwa yamekwisha kuchosha wasemaji. Aliuza samaki wakavu sokoni Migori. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka upande wa pili wa soko, na kila siku ya soko, kwa muda wa miaka mitatu, alikuja kwenye benchi la Nchagwa kuuliza saa. Saa ya kununua sufuria. Saa ya kukata kucha za kuku. Saa ya kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule.

"Fundi, nisaidie. Hii kitanda nikihamisha saa mbaya, itakuwaje?"

Nchagwa alichora gurudumu zima kwa ajili ya kile kitanda. Aliwaza moyoni kwamba hajawahi kumwona mwanamke anayeiheshimu elimu ya nyota namna hii. Wewe msomaji umeshaelewa, soko lote lilikuwa limeelewa, hata wauza ndizi walikuwa wakiminyana. Yeye hakuelewa. Alichojua ni kwamba siku ya soko alichana masharubu mara mbili, na kwamba Zilpah akiondoka cherehani ilikuwa ikishona kombo. Alimpenda mpaka akakonda, halafu usiku akafungua daftari, akamtazama Zohali katika chumba cha saba, akalifunga.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei akaja Mwalimu Walter. Huyu alifundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji, mtu wa makamo, mpole, viatu vinang'aa, baiskeli ya Raleigh na redio ya betri. Alikaa kwenye benchi akakunja suruali isiharibike pasi.

"Fundi, nataka saa mzuri kabisa. Nataka kupeleka posa Ndhiwa."

"Kwa nani, Mwalimu?"

"Kwa ule mama wa samaki. Zilpah, dada yake Otieno."

Sindano ilipita katikati ya kidole cha Nchagwa. Hakupiga kelele. Alikinyonya kidole, akavaa miwani, akachora. Angeweza kumpa mwenzake saa ya hovyo, saa ya kuangukiwa na dari, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini Ettore alikuwa amemwapisha kwa kiapo cha Baldo, kwamba mpima saa akidanganya mara moja tu, hana tena saa ya kumpa mtu. Alichora kwa haki. Na mbingu, kwa ukatili wake, ilitoa saa tamu ambayo hajaiona mwaka mzima: Jumamosi, saa nne asubuhi, Zuhura na Mushtari wote wawili wakitabasamu.

"Jumamosi saa nne uwe umesimama mlangoni kwa Otieno," alisema. "Hutapata nyingine kama hiyo."

Walter alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kama aliyekwisha kuoa. Nchagwa alirudi kwenye cherehani akashona mfuko wa suruali ya karani wa baraza ukaziba kabisa.

Ijumaa asubuhi mama yake, Bhoke, alishuka kutoka kwenye lori na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimkuta mwanawe amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Akamtazama mara moja tu.

"Ni mwanamke," alisema kwa Kikuria.

Nchagwa akamweleza yote. Akamfungulia daftari, akamwonyesha gurudumu.

"Huyu ndiye anayekukataza?" Bhoke aliweka kidole juu ya alama ya Zohali. "Wa ukoo gani?"

"Si mtu, mama. Ni nyota. Alikuwa hapa siku niliyozaliwa, tarehe mosi Januari."

"Januari ndiyo lini?"

"Ule wakati wa jua kali, watu wanapotayarisha mashamba ya wimbi."

Mabega ya Bhoke yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, akacheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuona kuna nini.

"Mwanangu, nilikuzaa nikivuna wimbi. Kavu, limeiva. Kisu cha kuvunia mkononi, jua liko hapa utosini. Nilikufunga kwenye kanga nikamalizia mstari. Nani alikwambia ulizaliwa kabla hata halijapandwa?"

"Imeandikwa, mama. Ina muhuri."

"Aliyeandika alikuwepo?"

Nchagwa alifungua kinywa amjibu, na palepale akaiona tena ile siku ya kuandikishwa jeshini. Vijana wapatao mia moja kwenye foleni, vifua wazi. Karani nyuma ya meza, hata hainui uso, anauliza jina, anatazama meno, anaandika. Tarehe mosi Januari, tarehe mosi Januari, tarehe mosi Januari. Vijana mia moja wote wamezaliwa siku moja, na yeye Nchagwa, mpima nyota, mwanafunzi wa Mastro Baldo, kwa miaka kumi na minane hajawahi kulishangaa jambo hilo.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema.

"Hukuniuliza. Ulimuuliza Mzungu."

Alichora upya, kwa mwezi wa mavuno na jua la utosini. Zohali hakuwa chumba cha saba. Alikuwa ametoka, amekwenda kukaa huko kwenye chumba cha safari. Chumba cha ndoa kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Nchagwa alicheka, akalia, akaipiga cherehani kofi, akamkumbatia mwenye duka, akaketi tena. Miaka kumi na minane! Angekuwa na watoto wa kumwibia chaki.

Halafu akakumbuka kwamba kesho saa nne ni ya Walter.

Akaanza kufungua kurasa kwa pupa, anatafuta saa yoyote njema kabla ya hiyo. Hapakuwa na kitu. Ijumaa ile yote ilikuwa mbovu, na jinsi ilivyoelekea jioni ndivyo ilivyozidi kuoza: mwezi umekonda, Mirihi ana ugomvi na kila mtu, Zuhura amejificha. Aliipima mara tatu. Ilikuwa ni saa ambayo asingempa hata mtoza kodi.

"Unatafuta nini tena?" aliuliza Bhoke.

"Saa, mama."

"Mvua inakuja. Nenda."

Nchagwa alisimama. Akamtazama mama yake, akaitazama mbingu, akavaa koti, akaazima baiskeli ya mwenye duka bila kumwuliza vizuri, akaenda. Bhoke alifurahi kupita kiasi, akainyakua nyundo akaanza kuigonga rimu. Aligonga mara tatu, akaona haitoshi, akaendelea. Soko lote likasimama. Kwa mlio wa kwanza watu walivaa, kwa wa pili wakabeba mizigo, kwa wa tatu wakaondoka. Mlio wa nne hakuna aliyejua maana yake, watu wakaanza kurudi, wakagongana na wale waliokuwa wanaondoka. Kwa mlio wa tisa mzee mmoja alivua koti na kulivaa tena upande wa ndani nje. Malori mawili ya pamba yaliondoka bila pamba.

Njia ya Ndhiwa ni ya udongo mweusi, na udongo mweusi ukinywa maji haumwachii mtu. Mvua ilimkuta kabla ya Mto Kuja. Kwa nusu ya kwanza ya safari baiskeli ilimbeba, kwa nusu ya pili aliibeba yeye. Mnyororo ulikatika. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope pale darajani, na alipoinama kukitafuta miwani nayo ikaenda na maji. Bata mzinga wa mtu alimfukuza robo maili. Kila balaa lilipomfika Nchagwa alisema kwa sauti, "Naam, hiyo ni Mirihi," au "Huyo ni mwezi," na alipoanguka mara ya nne akajikuta anacheka peke yake kifudifudi, kwa sababu hajawahi kuona gurudumu linalosema kweli namna ile.

Alifika kwa Otieno jioni, ng'ombe wanafungwa. Watoto walikimbia. Otieno, mwanamume mrefu wa miraba minne, alitoka na fimbo.

"Wewe ni nani?"

"Ni Nchagwa. Fundi wa Migori."

"Wuoyi! Fundi? Nani amekuzika?"

Walimwogesha, wakampa suruali ya Otieno, ambayo ilibidi ikunjwe mara tatu chini, na kama fundi aliona aibu zaidi kwa ule mkunjo kuliko kwa lile tope. Wakamkalisha. Wakampa ugali na samaki. Alipomaliza kunawa alisema bila kuzunguka kwamba amekuja kumwomba Zilpah awe mke wake.

Otieno alitazama kushoto na kulia kwa mgeni. "Jagam wako yuko wapi? Mshenga wako? Wazee wako?"

"Sina. Ningewangoja wazee ningechelewa. Kesho ni ya mtu mwingine."

"Kwetu mtu haji peke yake hivyo, bwana. Na kwenu?"

"Hata kwetu haji."

Zilpah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga. Kwa mara ya kwanza tangu Nchagwa amjue, hakuwa anacheka.

"Fundi. Hii ni saa gani umekuja?"

Kama angetaka kudanganya, hapo ndipo palikuwa mahali pake. "Ni saa mbaya," alisema.

"Mbaya namna gani?"

"Mbaya kuliko zote mwezi huu. Nimepima mara tatu."

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja."

"Miaka mitatu nakuja kwa benchi yako, Fundi. Kitanda yangu nimehamisha ukuta zote nne. Ulikuwa wapi?"

Nchagwa akamweleza habari ya karatasi ya jeshi, karani, wimbi na mama yake, na Otieno ilibidi atoke nje akacheke mbali na mgeni. Zilpah alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikujibu leo," alisema. "Mwalimu ametuma neno kwamba anakuja kesho saa nne. Ni wewe ulimpa hiyo saa?"

"Ni mimi."

"Ni saa mzuri ya kweli?"

"Ni nzuri kuliko zote mwaka huu."

"Basi na wewe utajibiwa kesho saa nne."

Nchagwa alilala kwenye ngozi sebuleni, na kusema alilala ni kumsingizia.

Jumamosi ilipambazuka kama siku iliyonunuliwa dukani. Mvua imekwisha, majani yanang'aa, na tetea wa Otieno aliyekuwa amegoma tangu Pasaka alitaga mayai mawili kabla ya chai. Kamili saa nne Mwalimu Walter alisimama mlangoni na wazee wawili, shati jeupe pepepe, viatu havina hata tone la tope, maana alikuwa amepata lifti ya gari la mishonari mpaka getini. Redio ilikuwa inapiga muziki mtamu. Alipomwona Nchagwa ameketi mle ndani na suruali iliyokunjwa, uso ulimchangamka.

"Fundi! Umekuja kuangalia saa yako kama inafanya kazi?"

Wageni walikaribishwa, wakaketi. Mzee wa Walter alieleza posa kwa maneno mazuri, taratibu, hakukosea hata moja. Kila kitu kilikwenda kama maji mteremkoni, na kadiri kilivyokwenda vizuri ndivyo Nchagwa alivyozidi kuzama kwenye kiti. Alijua ile saa. Aliipima kwa mkono wake. Haikuwa na kasoro.

Otieno akamwita dada yake. Zilpah aliingia, akawasalimu wazee kwa heshima, akabaki amesimama.

"Mwalimu, ero kamano, asante," alisema. "Umekuja vizuri, na wewe ni mtu mzuri, sina neno. Umekuja saa ambayo uliambiwa ni nzuri. Huyu mwingine alikuja jana, akijua ni saa mbaya, na yeye ndiye anajua kupima. Sasa niwaambie kitu. Bwana yangu alikufa saa nane ya mchana, siku ya soko. Watu wa saa nzuri walikuwa wengi kwa harusi yetu, walikula ng'ombe wawili. Ile saa nane sikuona mtu. Nilimshika peke yangu mpaka jioni. Mimi nataka yule wa kuja saa mbaya."

Redio ndiyo iliyoendelea, mpaka Walter akanyoosha mkono akaizima. Alikaa hivyo kidogo, mkono juu ya redio. Kisha akamgeukia Nchagwa.

"Saa ilikuwa nzuri, Fundi. Ni mimi sikuuliza ni nzuri kwa nani." Akacheka, kwanza kwa shida, halafu kweli, na alipoletewa chai na Roselyn, mdogo wake mke wa Otieno, aliomba kikombe cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Mwaka uliofuata alimwoa Roselyn huyo, na hadi leo anawaambia watu hakuna mpima saa kama Nchagwa.

Nchagwa mwenyewe alikuwa analia wazi mbele za watu, masharubu yamelowa, suruali imekunjuka mguu mmoja. Alijaribu kusimama ashukuru, akajikanyaga, akaketi tena. Zilpah akaanza kucheka, kile kicheko chake chenyewe, na nyumba nzima ikamfuata.

Otieno alipangusa macho, akagonga fimbo chini kutaka watu watulie. "Haya basi, shemeji. Hao ng'ombe wa kwenu ambao nasikia wamezeeka. Tuwapokee lini?"

Wote wakamgeukia Nchagwa, hata wazee wa Walter, na mmoja wao alikwisha kutoa kalamu aiandike hiyo siku na saa. Nchagwa aliweka mkono kwenye mfuko wa koti lake, mlimokuwa na daftari. Akautoa mtupu.

"Mwulizeni Zilpah," alisema.

Zilpah alisema Jumanne, kwa sababu Jumatatu alikuwa na samaki wa kuuza.